Rangi ya Maporomoko

Earline Tibbs aliinama kwa tabu, akaokota jani, akalisogeza karibu na jicho la kushoto, lile lenye nafuu.

"Kumbe si jekundu lote," alijisemea. "Linaanza na rangi ya chai, ndipo linawaka."

Kisha akalirudisha chini, palepale lilipokuwa.

"Lichukue tu, dada. Sheria ya msitu inakataza, lakini mimi nimefumba macho."

Aliyesema ni Trudy Hallenbeck, mstaafu aliyejitolea kuwatembeza wageni wanaokuja kaunti ya Westchester kwa treni kutoka New York: asubuhi jumba la sanaa, mchana maporomoko ya maji. Wenzake Earline walikwishateremka kunywa kahawa. Alibaki yeye tu, bibi wa Harlem, anayakodolea maji macho kama mtu mwenye mtihani kesho.

"Ahsante, Bi Trudy. Nitalikariri."

"Basi piga picha."

"Simu nimeiacha nyumbani."

"Makubwa! Safari yote hii bila simu?"

Earline hakucheka. Alikuwa akitafuta rangi ya maji pale yanapogonga jiwe. Kila mtu husema ni meupe, na si meupe. Daktari alishamwambia kwamba macho yake hayatafika vuli ijayo, na mwanawe Roland amebakiza kipande hicho tu cha mchoro wake. Asipompelekea rangi leo, basi tena. Alishika mti, akasogea karibu zaidi.

"Kijani," alisema mwishowe. "Kijani cha chupa, na moshi kidogo. Mwanangu ataelewa. Anayachora maporomoko haya ukutani, ili watoto wapigwe picha hapo na baba zao."

"Alaa, ana studio! Iko wapi?"

"Hukuhuku, kaunti hii. Yupo tangu ana miaka ishirini, na sasa ana mvi."

"Na hajaja kuyaona mwenyewe?"

"Hajawahi."

"Ati nini?" Trudy alishika kiuno. "Kwa gari hata nusu saa haifiki! Mama mzima, na magoti hayo, unapanda mlima, yeye kakaa anasubiri kusimuliwa? Huo si uchoraji, huo ni uvivu. Nisamehe, dada, lakini umemdekeza huyo."

"Labda nilimdekeza," Earline alisema. Neno lilimchoma, maana hata yeye alikwishajiuliza hivyo mara nyingi, na jibu hakulipata.

"Twende zetu. Nakupeleka mpaka mlangoni kwake, nikamseme mwenyewe."

Earline alitaka kukataa. Lakini treni ingemchelewesha, na kwa Roland, alimwambia Trudy, wageni hawaingii baada ya saa tisa.

"Loo! Na masharti juu!" alisema Trudy, akawasha gari.

Njia nzima alikuwa akisema. Mwanawe yeye yuko Oregon, mbali kote kule, na kila Jumapili humpigia simu. Krismasi hakosi. Mtoto ni kulea, alisema, ukimwachia mapema anakupanda kichwani. Earline alifumba macho. Alikuwa akirudia kimoyomoyo: chai, moto, chupa, moshi. Aliogopa akifungua mdomo moja litamtoka.

Waliteremka hadi karibu na mto.

"Kata kushoto," alisema Earline. "Sasa ufuate huo ukuta."

Waliufuata ukuta, nao haukuisha upesi.

"Ni hapa."

Trudy alizima gari. Aliinua macho, akatazama mnara uliosimama juu ya ukuta.

Earline alivua hereni, akavua na pete ya ndoa, akamwekea kiganjani. "Nishikie, tafadhali. Vitu hivi huliza mashine ya ukaguzi pale mlangoni."

Akashuka, akajikongoja kuelekea lango, midomo ikicheza: chai, moto, chupa, moshi. Juu ya mnara, askari magereza mwenye bunduki alimtambua, akampungia mkono.