Jiwe Jeupe Ngomeni

"We bibi, toka hapo kabla sijakufukia."

Diarmuid alikuwa juu ya tingatinga lake. Jirani yake, ambaye hawakuwa wakisalimiana naye miaka nenda rudi, alikuwa amekaa kwenye tuta la ngome ya kale, lile duara la udongo lililomlia nusu ya malisho yake.

"Nifukie. Sitakuwa wa kwanza humu."

"Habari za mizimu kawasimulie watalii."

"Mizimu gani? Humu wamelala watoto waliokufa kabla ya ubatizo. Padri hakuwataka makaburini, wazazi wao wakawaleta hapa."

"Hayanihusu."

Bibi alinyoosha fimbo yake. Kwenye meno ya tingatinga lilikuwa limenasa jiwe jeupe, laini, kama yai la bata, upande mmoja bado una udongo mbichi.

"Hilo aliliweka mama yako kabla hajakuzaa wewe. Nilimwona kwa macho yangu. Chini yake alimlaza mtoto wa kiume."

"Mwongo wewe. Mama angeniambia."

"Alikuambia kila alipokuita. Diarmuid ni jina la huyo. Wewe ulirithishwa tu."

Akainuka, akajipangusa udongo kwenye sketi, akampisha.

"Haya. Endelea kuchimba."