Pindo la Sketi

Miezi minane tangu miguu ya Zaituni ipooze, na mama yake, Kibibi, alikuwa ameacha kuswali. Dua zake, alisema, zinagonga bati na kumwangukia mwenyewe.

Leo mtoto aling'ang'ania kuvaa sare ya shule, hapo hapo kitandani. Kibibi akamvalisha, uso ameukunja.

"Mama, sketi imekuwa fupi."

"Imerudi kwa kufuliwa."

"Haijafuliwa tangu niugue."

Kibibi akaivuta chini, haikufika. Sketi iliyokuwa ikimfika Zaituni vifundoni sasa iliishia vidole vitatu juu. Akaishika ile miguu aliyokuwa akiigeuza kila siku kama kuni, na kwa mara ya kwanza akaitazama. Imerefuka. Kumbe kuna aliyekuwa akiishughulikia muda wote huu, kimya kimya.

"Usinichezee," akanong'ona, macho ameyainua kwenye bati, wala hakuwa akisema na mtoto. "Kama unairefusha, basi itembee."

Akachukua wembe, akaanza kufumua pindo. Kitambaa kilichokunjwa ndani kikateremka taratibu juu ya vifundo vya mtoto, buluu mpya kabisa, ambayo haijawahi kuona jua.