Mkono wa Ngariba

Kisu kilikuwa kikitetemeka mkononi mwa Mikidadi, ngariba wa Marambo, na mtoto amekwisha kukalishwa mbele yake. Tangu aape kuacha nipa, ile pombe kali ya mabibo, mkono haukumtii.

Kwa mbali matrekta ya shamba la karanga yalinguruma.

Mjomba wa mtoto akachomoa gunzi mdomoni mwa chupa. "Piga funda moja, mzee. Usije ukatuulia mtoto."

Harufu kali ya mabibo ikamfikia Mikidadi. Hakuigusa chupa, wala hakuonja tone. Lakini mkono ulitulia tuli, kama mbwa aliyesikia hatua za bwana wake.

Mikidadi akautazama kwa hofu.

Kisha akamgeuzia msaidizi wake mpini wa kisu. "Kata wewe," alisema. "Mkono huu una mwenyewe, na si mimi."