Sifuri ya Mama

Pazia lilivimba kwa upepo, likanywea, kana kwamba wodi nzima inapumua usingizini.

Daktari anayechunguza kwa nini wengine huumia zaidi baada ya upasuaji aliinama kando ya kitanda cha mama mmoja. "Mama, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu unayapa ngapi?"

"Sifuri, mwanangu. Naelea tu, kama nimelala juu ya maji."

Kwenye kitanda cha jirani, mwanawe, aliyepandikizwa figo ya mama yake, alimkodolea macho. "Kweli, mama?"

"Kweli, baba. Lala."

Daktari akaona vidole vya miguu ya mama vikiing'ang'ania shuka hadi ikakunjamana. Hakuandika kitu. Wakangoja mpaka kijana akapitiwa na usingizi.

Mama akamshika daktari mkono.

"Haya," akanong'ona. "Sasa niulize tena."