Sauti ya Mama

Jamani, siku hiyo nilirudi nyumbani mbio: nimepata kazi, nitakuwa napanga sura za kompyuta, vitu vikae vizuri kwenye kioo! Baba alikuwa bafuni, nikaona nianze na kompyuta yake. Nikaondoa picha ya marehemu mama iliyojaa kioo kizima, ikabaki bluu tupu, mafaili nikayapanga kwa majina, safi kabisa.

"Kaa hapa, mzee, uone mambo ya wasomi."

Akacheka, akaketi. Akasogeza mausi hadi katikati, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Unatafuta nini, baba?"

"Sauti yake. Niliiweka mdomoni mwake, pale pichani. Picha za harusi niliziweka kidoleni, penye pete. Sikuwa na haja ya kusoma."

"Zipo, baba. Sauti iko kwenye herufi S."

Akaendelea kubonyeza palepale, polepole, kwenye bluu tupu.