Sikio Mgongoni

Sheria ilikuwa wazi: kila ghorofa ilipewa dozi moja ya vidonge vya kifua kwa mwaka, na majirani wote walitakiwa kumsikiliza mgonjwa kwa masikio yao kabla ya kukubali. Kwa hiyo Tausi, siku ya tano ya homa, alijitanda kanga, akachukua kishikwambi cha kuwekea idhini zao, akaenda kugonga milango.

Mama Hawra alimwekea sikio mgongoni. "Si mafua tu haya? Dawa hii haitibu mafua."

"Natoa makohozi ya rangi ya kutu, dada."

"Basi uvimalize vyote. Jirani wa juu aliacha alipopata nafuu, vijidudu vikaizoea dawa. Mkewe alipougua, haikumsaidia kitu." Akabonyeza kidole gumba kwenye kishikwambi.

Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mzee Semboja, fundi cherehani mstaafu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Geuka."

Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko wote, hata Tausi akaanza kujiuliza anatafuta nini humo ndani.

"Ukivuta pumzi, inachoma hapa?"

Tausi alipogeuka alimkuta mzee amejishika ubavuni.

"Hapo hapo. Umejuaje?"

Mzee alikuwa ameshabonyeza gumba. "Kanywe dawa. Una mtoto ananyonya." Akafunga mlango taratibu.

Tausi alibaki pale na kishikwambi chenye alama zote za kijani. Kisha akaegemeza sikio kwenye mbao za mlango, akabana pumzi yake ili aisikie ya mzee.