Jeshi Lisilo na Mukanda

Kila asubuhi, kabla ya kupanga vitu vyake sokoni, Laurentine aliwafuta nyuso askari wake wadogo wa kuchezea, wa madini ya risasi, kwa ncha ya kikwembe alichojifunga. Siku hiyo alikuwa amemshika mpiga ngoma mwenye kofia nyekundu. Mkono wa kizungu ukashuka na kumchukua kabla hajamsimamisha.

Laurentine hakuinua macho mara moja. Kwanza aliona viatu vyeupe vilivyojaa vumbi jekundu la cité, mtaa wa Waafrika. Kisha kitambaa cha kichwa kilichofungwa mpaka chini ya kidevu, ingawa joto la Oktoba lilikuwa linapasua midomo. Akamtambua. Alikuwa Madame wa nyumba anamofanya kazi mume wake, na alikuwa amekuja kwa miguu.

"Nani ameona hii?" Madame aliuliza kwa Kiswahili cha jikoni, kile ambacho wazungu husema na wapishi wao.

Laurentine alijibu kwamba hajui. Madame akamrudisha mpiga ngoma mahali pake, akamlaza kifudifudi, akaondoka.

Kwa miaka minne Laurentine alikuwa akiuza vitu vya watoto wa kizungu. Maboy, watumishi wa nyumbani, walimletea vilivyoachwa na mabwana wao waliorudi Ulaya: magari ya bati, wanasesere wenye macho ya kufumba, picha ndogo za pakiti za chokoleti zilizobandikwa katika daftari. Wateja wake walikuwa wazungu wazima. Walikuja Jumapili baada ya misa, wakachutama, wakainua gari la bati na kulinusa, na wengine wakasahau hata kubishana bei.

Kila kitu kilikuwa na mukanda wake, karatasi iliyoandikwa na bwana kwamba boy amepewa, hakuiba. Laurentine alitunza karatasi hizo zote ndani ya kopo la maziwa. Boy aliyekamatwa na kitu bila mukanda hakuulizwa mara mbili, alifungwa buloko.

Askari wa risasi hawakuwa na mukanda. Waliletwa na Stanislas, mume wake mwenyewe, wachache wachache, wamefungwa ndani ya aproni. Walikuwa mali ya bwana wake, aliyewachezea utotoni kwao Ulaya na bado aliwahifadhi katika sanduku juu ya kabati. Bwana huyo alikuwa na mkono mzito. Siku moja Stanislas alirudi na sikio limevimba kwa sababu ya supu iliyopoa.

Katika miaka kumi na moja ya kazi, Stanislas hakuwahi kuleta nyumbani hata kipande cha sukari. Laurentine alipomuuliza kuhusu askari wale, alimjibu tu auze na asiulize. Na pesa zilipopatikana, aliondoka nazo. Hazikulala nyumbani hata mara moja. Laurentine aliamua kwamba ana mwanamke mwingine. Alijifariji kuwa mwanamke mwingine, hata awe mbaya vipi, hampeleki mtu buloko.

Jioni ile alimweleza mume wake nani aliyekuja sokoni. Stanislas aliacha kula.

"Alikuya yeye moya, ao na Monsieur?"

"Yeye moya."

Stanislas akashusha pumzi, akarudi kwenye sahani yake ya bukari. Laurentine alimtazama akimeza na akajua kwamba mume wake amerukwa na akili. Aliona yote yatakavyokuwa: pingu, kitabu cha kazi kimepigwa muhuri mbaya, na yeye peke yake ndani ya treni ya kurudi Kabalo, akitafuta la kumwambia mama mkwe.

Kesho yake, saa ya jua kali, soko likisinzia, Madame alirudi. Safari hii alibeba kikapu kilichofunikwa. Kapya, jirani aliyeuza sufuria kuukuu, alimwona Laurentine anavyolikumbatia kopo lake la karatasi, akacheka.

"We uko na jeshi muzima hapa, na unaogopa bibi moya?"

Lakini alipoona uso wa mwenzake, alikwenda kutafuta maji.

Madame alichutama. Hakuuliza ni nani aliyewaleta askari. Aliuliza wale wapanda farasi wako wapi. Laurentine, ambaye hakuwa hodari wa uongo, alisema walinunuliwa jana na mzungu mwenye ndevu. Alieleza kwamba mzungu huyo alifurahi kama mtoto, na kwamba leo jioni atawapanga mezani kwenye Cercle, klabu yao, wazungu wenzake wawaone.

Madame akaketi chini, vumbini, na gauni lake.

Polisi mmoja alikuwa anakuja polepole kati ya meza, akitafuna karanga. Madame alimtazama yule polisi, akamtazama Laurentine, akafungua mdomo. Laurentine hakungoja neno litoke. Alimshika gauni kwa mikono miwili.

"Madame, mi njo niliiba. Nilipita nyuma ya nyumba, Stanislas hakuniona. Bwana yangu hajue kitu. Polisi anipeleke mimi."

Polisi alifika, akampigia Madame saluti, akapita. Madame aliisindikiza kwa macho kofia ya polisi mpaka ilipopotea nyuma ya vibanda vya samaki. Kisha akaiweka mikono yake juu ya mikono ya Laurentine, akazungumza kwa sauti ya chini, neno moja moja.

"Mama, wewe hapana iba. Stanislas hapana iba. Mimi naiba, mimi natuma Stanislas, pesa ya tiketi iko hapa katika kikapu. Leo bwana yangu anakwenda Cercle, ataona askari yake, atapiga mimi tena. Nifiche kwako mpaka treni ya Rhodesia inaondoka."